Chipu yako inangoja pikseli

Bandugu, nianze na siku ya kutetea TFC ya kijana mmoja anayeniita yaya. Chuo gani na mwaka gani, tuache. Somo lake lilikuwa zuri: kamera inayosoma namba za magari kwenye bariere. Alikuwa anafikiria malori yanayopanga foleni kwenye peaje ya barabara ya Kasumbalesa. Alikuwa na karte ndogo yenye FPGA, yaani chipu ambayo mwenyewe unapanga nyaya zake za ndani, na humo alitengeneza kichapuzi: kipande cha chipu kinachofanya kazi moja tu, kuchuja picha, kwa haraka kuliko prosesa ya kawaida. Juri ikauliza usahihi ni asilimia ngapi. Akajibu. Ikauliza aliandika kwa lugha gani ya programu. Akajibu. Kichapuzi kinashinda prosesa mara ngapi? Akasema mara ishirini na kitu. Makofi.

Kisha akawasha kamera. Picha inakuja, inasimama, unangoja, inakuja ingine. Gari la kwenye video lilikuwa linaruka kama panzi. Mkubwa mmoja wa juri akasema, "Kamera yako iko muzee." Watu wakacheka, pointi zikatolewa, tukaenda kunywa sukre.

Kamera haikuwa muzee. Tena ile "mara ishirini" haikuwa uongo, njo maana inaniuma. Alipima muda ambao kichapuzi kinatumia kikiwa tayari na picha mkononi. Muda wa kuileta picha mpaka pale, na muda wa kuirudisha, hakuuhesabu. Ni sawa na mtu wa mgodi kukupa tani ambazo kinu kinasaga kwa saa, halafu unakuta kati ya shimo na kinu kuna lori moja tu, na pneu zake zimechoka.

Nimesoma TFC nyingi za picha, za hapa Lubumbashi na zile zinazozunguka kwa PDF kutoka kwingine, na naona kosa ni lilelile. Kifaransa chetu cha chuo kina neno moja, memwari, kwa vitu viwili: kitabu unachoandika mwisho wa masomo, na mahali kompyuta inapoweka data. Cha kuchekesha, memwari zetu haziongelei memwari. Ili tusichanganyikiwe, hapa nitasema TFC kwa kitabu na kumbukumbu kwa mashine.

Tupige hesabu pamoja, kwa kalamu tu. Picha ya video ya kawaida leo ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Kila pikseli ya rangi ni baiti 3. Picha moja inakuwa baiti 6,220,800, tuseme megabaiti 6.2. Picha 30 kwa sekunde zinafanya karibu megabaiti 187 kila sekunde. Hiyo ni kupita mara moja tu, njia moja.

Sasa chukua karte kama PYNQ-Z2, ambayo wanafunzi wengi duniani wanajifunzia. Kumbukumbu yake ya nje ni DDR3 ya megabaiti 512, njia ya biti 16, kasi ya megabiti 1,050 kwa kila waya. Zidisha: gigabaiti 2.1 kwa sekunde, siku ambayo kila kitu kiko bien, na siku hiyo haifiki. Njia hiyo hiyo inatumiwa na prosesa, na Linux, na skrini unayoonyeshea juri.

Mfano wa kazi ya kusoma namba: unapunguza vumbi kwenye picha, unalainisha, unatafuta kingo, unazinenepesha, unasafisha. Vichujio vitano, tuseme kila kimoja kinaangalia pikseli 9, tatu kwa tatu. Mwanafunzi anayeandika kama vile somo la programu lilivyomfundisha atafanya hivi: kichujio cha kwanza kinasoma picha nzima kutoka DDR, kinaandika picha nzima kwenye DDR. Cha pili kinaisoma tena, kinaandika tena. Safari kumi. Kumi mara 187 ni karibu gigabaiti 1.87 kwa sekunde, kwenye njia ya 2.1 ambayo haiko yako peke yako. Hapo umeshakwama. Na kama ni mvivu zaidi, kila pikseli ya matokeo inaenda kuchukua jirani zake 9 upya huko nje, basi ni kusoma mara 9 na kuandika mara 1, mara vichujio 5: gigabaiti 9.3. Haiwezekani kabisa, hata ukiomba.

Na kukokotoa je? Chipu ya karte hiyo ina vizidishi 220. Viendeshe kwa megahezi 100, mwendo wa pole, unapata kuzidisha bilioni 22 kwa sekunde. Vichujio vyetu vitano vinahitaji bilioni 8.4. Nguvu ipo, tena inabaki. Vizidishi vimekaa vinangoja pikseli kama watu wanaongoja bisi ya Kenya saa kumi na mbili jioni.

Dawa ni ya zamani na haihitaji franka hata moja. Kuangalia mraba wa tatu kwa tatu, huhitaji picha nzima. Unahitaji mistari miwili iliyopita na pikseli chache za mstari unaoingia. Mistari miwili ya rangi ni 2 × 1,920 × 3, yaani baiti 11,520. Vichujio vitano, baiti 57,600. Ndani ya chipu yenyewe, karibu kabisa na vizidishi, kuna kumbukumbu ya kilobaiti 630. Unatumia chini ya sehemu moja ya kumi. Pikseli inaingia mara moja, inapita kichujio cha kwanza, inapewa cha pili bila kutoka nje, mpaka cha tano, ndipo inatoka. Safari kumi zimekuwa mbili. Gigabaiti 1.87 imekuwa 0.37. Na kama kutafuta kingo hakuhitaji rangi, na mara nyingi hakuhitaji, geuza picha iwe ya kijivu pale mlangoni: inayoingia ni ya rangi, inayotoka ni theluthi yake, na mistari unayoweka ndani inapungua vilevile.

Mtu wa Lubumbashi hapaswi kushangaa. Tumekua tunaangalia terili ile nyeusi pembeni ya shimini ya Gécamines. Kuanzia 1911 watu waliyeyusha shaba, wakamwaga taka pale, na ndani ya taka kulikuwa na kobalti. Miaka mingi baadaye ikabidi kiwanda kingine kijengwe ili kurudi kuchimba kilichomwagwa. Kichujio kinachotupa picha ya katikati kule DDR, halafu kinachofuata kinairudia, ni terili. Tofauti ni kwamba wale wazee hawakujua kobalti itakuja kutakiwa. Wewe unajua kichujio cha pili kinakuja, ni wewe mwenyewe umekiandika.

Kuna makosa mengine madogo ambayo TFC hazisemi. Nayataja kwa sababu niliyafanya yote.

La kwanza ni kusoma picha kwa nguzo, juu kwenda chini. Kwenye kumbukumbu picha imelazwa mstari kwa mstari. DRAM haitoi baiti moja moja: inafungua safu nzima kwanza, kitu kinachokula muda, halafu inatoa kifurushi. Kwenye DDR3 kifurushi ni mapigo 8, na kwa njia ya biti 16 hiyo ni baiti 16. Ukitembea kwa nguzo kwenye picha ya kijivu, unalipia baiti 16, unatumia 1, na hatua inayofuata iko mbali, labda kwenye safu ingine. Nilikaa wiki mbili nasema chipu ni mbovu. Nilibadilisha mpangilio wa mizunguko miwili ya programu tu, ile ya ndani ikawa ya nje, na ikapona.

La pili ni kamera ya USB. Watu wanaandika kwenye TFC "video ya 1080p kwa muda halisi" na kamera yenyewe ni ya USB 2.0. USB 2.0 ni megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 hata kabla ya kutoa gharama zake. Picha mbichi ya baiti 2 kwa pikseli, mara 30, inataka 124. Haipiti. Kwa hiyo kamera inaibana kila picha kama JPEG, na prosesa yako maskini inaifungua kabla kichapuzi hakijaona kitu. Unapima kichapuzi huku mlango wenyewe umezibwa na mtu mwingine.

La tatu ni la wenye Jetson Nano, ile karte ya NVIDIA ya 2019. Prosesa na GPU yake vinakula kwenye sahani moja, kumbukumbu ileile ya gigabaiti 4. Lakini kwa sababu mafunzo yote ya mtandaoni yameandikwa kwa kompyuta kubwa, ambapo GPU ina kumbukumbu yake mbali, watu wananakili picha "kutoka prosesa kwenda GPU". Unahamisha godoro kutoka chumbani, unalizungusha uani, unalirudisha chumba kilekile. NVIDIA wenyewe wanaruhusu pande zote mbili zishike kipande kimoja cha kumbukumbu. Ni mistari michache ya programu.

Hapohapo kwenye Nano nifanye hesabu moja ambayo ningependa kila juri iijue. Kwenye karatasi karte ile inatangazwa kwa operesheni bilioni 472 kwa sekunde, kwa namba za biti 16. Njia yake ya kumbukumbu ni gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Gawanya: karibu 18. Maana yake, kwa kila baiti unayoleta ni lazima uifanyie operesheni 18, la sivyo ile 472 ni namba ya matangazo tu. Kichujio chetu cha tatu kwa tatu, cha kijivu, kinazidisha mara 9 na kujumlisha mara 8, ni 17, kwa baiti moja inayoingia na moja inayotoka. Hiyo ni 8.5 kwa baiti. Hata ukiandika vizuri kama malaika, hujafika nusu. Njia ya kutoka ni kuunganisha vichujio ili baiti ileile ifanyiwe kazi nyingi kabla haijaondoka. Njia hii ya kuhesabu ilichapishwa 2009 na Samuel Williams, Andrew Waterman na David Patterson wa Berkeley, nao waliifananisha na paa la nyumba: kuna sehemu iliyoinama, ambapo kumbukumbu njo inakuzuia, na sehemu bapa, ambapo ni ukokotoaji. TFC zetu zote zinachora sehemu bapa.

Msinielewe vibaya, hili haliko kosa la Afrika. Google walipochapisha mwaka 2017 maelezo ya TPU yao ya kwanza, chipu ya operesheni trilioni 92 kwa sekunde, walikiri wenyewe kuwa njia yake ya kumbukumbu ilikuwa gigabaiti 34 tu kwa sekunde, na kwamba kazi nne kati ya sita walizopimia zilibanwa hapo. Waliandika kuwa wangeiwekea kumbukumbu ya aina ya GDDR5, kama ya GPU waliyolinganisha nayo, kasi inayopatikana kweli ingekuwa mara tatu. Wulf na McKee walionya juu ya ukuta huu tangu 1995. Ila Google waliiandika. Sisi tunaificha kwa kutoipima.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo, juu SNEL tunaijua. Mark Horowitz wa Stanford alitoa mwaka 2014 hesabu zinazorudiwa mpaka leo, za chipu za nanomita 45. Kujumlisha namba mbili za biti 32 ni pikojuli 0.1. Kuleta namba moja ya biti 32 kutoka DRAM ni kama 640. Mara 6,400! Namba zimeshuka kwa chipu mpya, lakini pengo limebaki. Unachomlipia SNEL, au unachoitisha kwenye batri, kwa sehemu kubwa ni safari. Hesabu yenyewe ni karibu bure. Safari yenyewe ni kujaza na kumwaga chaji kwenye waya, na tangu IBM walipotangaza mwaka 1997 kuacha aluminiamu, nyaya hizo za ndani ya chipu ni shaba. Shaba! Tunaichimba, tunaisindikiza mpaka mpaka wa Zambia, inarudi ndani ya karte, halafu tunaandika TFC kana kwamba haiko na urefu.

Angalia roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa Kinshasa kuanzia 2013, kazi ya Thérèse Izay na wenzake wa Women's Technology. Zina kamera zinazopeleka picha kituoni na zinakula umeme wa jua. Nilisoma makala nyingi juu yake, na karibu zote zinaongelea mikono inayopanda na kushuka, na miwani. Sijui mwandishi gani angeuliza kitu hiki, lakini mhandisi angeuliza: kwenye mashine ya sola, picha inasafiri mara ngapi kabla haijatoka? Kila safari unayokata ni dakika ambazo batri inaongeza usiku. Wenzetu wale walifanya kazi ngumu ya kuleta kitu barabarani, heshima yao. Sisi wakosoaji na waandishi tuliwasifu kwa vitu rahisi.

Najua nitajibiwa. "Yaya, picha yangu ni 640 kwa 480 ya kijivu, kumbukumbu hainisumbui." Kweli. Picha hiyo ni kilobaiti 307, mara 30 ni megabaiti 9 na kidogo kwa sekunde, na safari kumi za hapo ni mchezo. Andika hesabu hiyo kwenye TFC, mstari mmoja, tuendelee. Wengine watasema mitandao ya neva ni mikubwa, uzito wake haukai ndani ya chipu hata ufanye nini. Nayo ni kweli, ndipo watu wanapunguza namba kutoka biti 32 mpaka 8, na hapo ukumbuke kuwa faida ya kwanza ni kubeba robo ya mzigo, wala si kuzidisha haraka peke yake.

Jibu ninalolikataa ni la tatu: "Tununue karte kubwa zaidi." Nimeombwa ushauri huo mara nyingi kuliko ushauri mwingine wowote. Mtu hajahesabu safari zake, anataka nimwambie karte gani iagizwe Dubai. Karte kubwa inakuja na njia pana zaidi, sawa, pamoja na vizidishi vingi zaidi vya kungoja. Na bei yake ni ada ya mwaka mzima ya mdogo wako. Kwenye fani hii ya picha kuna sehemu chache ambapo mwanafunzi asiye na labo ya maana anaweza kufanya kazi sawa na wa ng'ambo, na hii ni mojawapo: mpangilio wa safari unafikiriwa kwa karatasi, na unajaribiwa hata kwenye laptop ya kawaida. Halide, lugha ya bure ambayo Jonathan Ragan-Kelley na wenzake waliieleza kwenye makala ya 2013, imejengwa juu ya wazo hilo hilo: unaandika mara moja nini kinakokotolewa, halafu pembeni unabadilisha mpangilio, nini kinawekwa, nini kinakokotolewa upya, mpaka safari zipungue. Matokeo ya picha hayabadiliki.

Kwa juri, bakubwa zetu, ombi langu ni swali moja kabla ya lile la asilimia: pikseli moja inavuka mpaka wa chipu mara ngapi? Mwanafunzi akijibu mbili, mwache aeleze. Akijibu "sijahesabu", ile "mara ishirini" ifutwe kwenye hitimisho. Na jedwali la muda lianzie kamera ifunguke na liishie skrini iwake, bila kuruka katikati.

Yule kijana tulikaa naye baadaye, umeme umekatika, tukahesabu kwa mwanga wa simu. Safari zake zilikuwa kumi na mbili, kwa sababu alikuwa pia ananakili picha kabla na baada. Vichujio tuliviunganisha kwa mistari miwili miwili kama nilivyoeleza juu. Kilichotushinda ni hatua ya kunyoosha namba ya gari iliyopigwa picha kwa upande. Hapo pikseli inayotakiwa inaweza kuwa mstari wa 40 au wa 400, kulingana na pembe, na mistari miwili haisaidii kitu. Lazima ukate picha vipande, ukadirie kipande gani kitahitajika, na ukubali kusoma kingo zake mara mbili. Ukubwa wa kipande uweje, kwa kilobaiti 630? Tulijaribu 64 kwa 64, tukajaribu mingine, na kila moja ilikuwa na pembe inayoiumbua. TFC yetu niliyoisoma ambayo imegusa swali hilo, bado sijaiona.